Kichochoro kimoja, picha tano

Saa sita za mchana, jua la Unguja huzipiga kuta za Mji Mkongwe kwa juu tu. Ghorofa za juu zinang'aa chokaa, na huku chini vichochoroni watu wanapita kivulini. Anayesimama mtaa wa Hurumzi na kuinua uso ataona ukanda wa mbingu unaoumiza macho. Akiushusha ataona mlango wa nakshi, nyuma ya mlango daka, na ndani zaidi mtu ameketi anachambua mchele. Vyote hivyo huviona bila taabu. Mboni hupanuka na kusinyaa, retina hujirekebisha, na ubongo huunganisha matazamo mengi madogo kuwa mandhari moja. Kamera haina nafasi hiyo. Shata hufunguka mara moja, na muda huo mmoja ndio unaopewa mbingu, mlango na mchele kwa pamoja.

Nilianza kujifunza kupiga picha kwa kamera ya mtumba, na jambo hili lilinivuta kuliko jingine lolote. Nikiipimia kamera mbingu, daka linakuwa shimo jeusi. Nikiipimia daka, mbingu na nusu ya ukuta vinaungua, vinabaki karatasi tupu. Mbinu ya kupiga picha kadhaa za mandhari ile ile, kila moja kwa kiasi chake cha mwanga, kisha kuziunganisha, wapiga picha wote duniani huijua kwa herufi tatu: HDR. Kazi yake ni kubeba masafa mapana ya mwanga ambayo picha moja haiwezi kuyabeba.

Masafa yenyewe yanahesabika. Jua kali la mchana hutoa mwanga wa luksi 100,000 hivi. Ndani ya daka ambalo mwanga wake unaingia kwa mlango mmoja, kipimo kinaweza kushuka hadi luksi 50. Hapo tayari jua ni mara 2,000 ya kivuli. Wapiga picha hupima tofauti hizi kwa stopu, na kila stopu moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili. Mara 2,000 ni stopu 11. Ongeza sasa kwamba ukuta uliopakwa chokaa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupata, na mbao nzee za mlango hurudisha sehemu ndogo sana: hizo ni stopu nyingine nne au zaidi. Kamera nzuri ya leo hubeba stopu 13 au 14 ikiwa imewekwa vizuri, na ya bei nafuu hubeba chache zaidi. Kichochoro cha Hurumzi kinaishinda kwa hesabu, hata kabla mpiga picha hajakosea lolote.

Tatizo hili lina umri karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Katika miaka ya 1850, vioo vilivyopakwa dawa na kutumika badala ya filamu vilikuwa vyepesi mno kwa rangi ya bluu. Mpiga picha akiipatia nchi kavu muda inaouhitaji, mbingu iliungua kabisa, na picha nyingi za wakati huo zina anga tupu kwa sababu hiyo. Mfaransa Gustave Le Gray alikuwa akipiga picha za bahari. Alichukua kioo kimoja kwa ajili ya mawingu na kingine kwa ajili ya maji, akavichapa kwenye karatasi moja na kuvikutanisha pale upeo wa macho ulipo. Picha yake ya wimbi kubwa, iliyopigwa Sète mwaka 1857, ina povu la maji na mawingu mazito kwa pamoja, na anayeijua siri yake ndiye anayegundua mshono. Kila ninapofungua kompyuta kuunganisha picha zangu, ninafanya kazi ya Le Gray bila harufu ya dawa zake.

Baada yake wengi waliutafuta ufumbuzi ndani ya chumba cha giza. Wamarekani Ansel Adams na Fred Archer, karibu na mwaka 1940, waliugawa mwanga katika kanda 11, kuanzia weusi mtupu hadi weupe mtupu, ili mpiga picha aamue kabla ya kubonyeza ni kitu gani kitakaa katika ukanda upi. Mwaka 1995 Steve Mann na Rosalind Picard wa MIT walieleza namna ya kuunganisha picha za dijitali zenye mwanga tofauti. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakaonesha jinsi kompyuta inavyoweza kukokotoa, kutokana na picha za kawaida zenye muda tofauti wa shata, ni mwanga kiasi gani hasa uliokuwepo katika kila nukta. Moja ya mandhari walizotumia ni ndani ya kanisa la Chuo Kikuu cha Stanford: madirisha ya vioo vya rangi yanawaka, na pembe za jengo zina giza.

Kwa sababu hiyo na mimi nilikwenda kanisani. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka ule ule ambao Sultan Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Zanzibar, na limesimama juu ya uwanja wa soko hilo hilo. Paa lake ni kuba refu la mawe ya matumbawe. Ukisimama nyuma ya viti saa za asubuhi, madirisha ya rangi yanang'aa kwa mbele na nguzo zinazama gizani. Niliomba ruhusa ya kuweka stendi, nikapewa, nikaambiwa tu nisiwazuie wageni njia.

Kazi yenyewe inataka utulivu kuliko ujuzi. Stendi ikishasimama imara, tundu la lenzi linawekwa f/8 na haliguswi tena, kwa sababu likibadilishwa kina cha picha kinabadilika na picha hazitalingana. ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, inashushwa hadi 100 ili chembechembe zisitokee vivulini. Lenzi inalengwa kwa mkono na kuachwa. Rangi ya mwanga nayo inafungwa, isije kamera ikaamua picha moja iwe ya manjano na nyingine ya bluu. Kinachobadilika ni muda wa shata peke yake: sehemu ya 250 ya sekunde, sehemu ya 60, sehemu ya 15, robo sekunde, sekunde nzima. Kila hatua ni stopu mbili. Picha ya kwanza ni nyeusi karibu yote, lakini ina kila kipande cha kioo cha dirishani na risasi inayokishika. Ya mwisho madirisha yake yameungua, lakini chini ya viti unaweza kuhesabu vigae. Kubonyeza kunafanywa kwa kipima muda, maana kidole tu kinatosha kuitikisa kamera ya mtumba.

Picha hizo tano zikishaunganishwa, kompyuta inapata faili lenye mwanga wote wa kanisa. Hapo ndipo kazi ngumu inapoanza, kwani hakuna mahali pa kulionesha. Kioo cha kompyuta ya kawaida hakifiki stopu 15, na karatasi ya picha hufika sita au saba tu. Lazima masafa yabanwe, na namna ya kubana ndiyo inayotenganisha picha ya kuaminika na kichekesho.

Mara nyingi anayeanza hukimbilia kubana kwa vipande: programu inatazama kila eneo dogo na kulipa utofauti wake lenyewe. Majibu yake yanashangaza kwa dakika tano. Mbao zinang'aa kama plastiki, chokaa inaonekana imejaa masizi, na kila kitu kinachokutana na mbingu kinazungukwa na utando wa mwanga. Baada ya Photoshop kuingiza HDR mwaka 2005, na programu ya Photomatix kuenea, dunia ilijaa picha za namna hiyo, na wengi wakaichukia mbinu nzima kwa ajili yake. Mimi naona waliichukia bure. Mwaka 2007 Tom Mertens, Jan Kautz na Frank Van Reeth walitoa njia nyingine isiyojenga faili kubwa la mwanga hata kidogo. Katika kila sehemu ya mandhari inachagua kutoka picha ile iliyopata mwanga wa wastani, rangi iliyokolea na utofauti ulio wazi, kisha inazichanganya taratibu. Programu ya bure ya Enfuse hufanya hivyo, hata kwenye kompyuta ya zamani. Kanisa la Mkunazini lilitoka humo likiwa kanisa: madirisha yana rangi zake, nguzo zina uzito wake, na pembe za nyuma bado ni pembe za giza.

Karibu na kanisa, chini ya jengo lililokuwa hosteli, kuna vyumba ambavyo wageni huoneshwa kuwa ndimo walimofungiwa watumwa kabla ya kupelekwa mnadani. Dari liko chini, mtu mzima hawezi kusimama wima, na mwanga unaingia kwa vijitundu vyembamba kule juu ya ukuta. Kwa mujibu wa vipimo, hakuna mahali panapofaa HDR kuliko hapo: mwanya wa jua kali ndani ya giza. Nilipiga, nikaunganisha, na mchanganyiko ukatoka safi. Kila jiwe lilionekana. Sakafu ilionekana kutoka ukuta hadi ukuta, na chumba kikawa mithili ya stoo iliyopakwa chokaa juzi, pana na yenye hewa.

Picha hiyo nimeifuta. Haikuwa na dosari ya kiufundi, lakini mtu ambaye hajawahi kuingia mle angeitazama na kuelewa kinyume cha mahali penyewe. Habari ya chumba kile ni kwamba hakionekani. Mpiga picha anayeangaza kila pembe kwa sababu tu programu inaweza, anakuwa amekikarabati chumba cha mateso. Nilichokihifadhi ni picha moja, si mchanganyiko, iliyopimiwa mwanya wa mwanga. Inaonesha mwanya, ukingo wa jiwe lililoukaribia, na zaidi ya hapo hakuna kitu.

Tangu siku hiyo nilianza kuvitazama vivuli vya mji kwa heshima zaidi, na jirani yangu mmoja akanipa sababu nyingine. Ni bibi aliyezaliwa na kukulia Shangani. Nilimpelekea picha mbili za kichochoro cha nyuma ya nyumba yake, moja ya kawaida na nyingine ya HDR ambayo nilikuwa nimeifungua vivuli vyote. Aliishika hii ya pili, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Mjukuu wangu, hii umepiga saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu, bibi."

"Saa tisa na nusu kivuli cha nyumba ya mbele kinakuwa kimeshapanda mlangoni kwangu. Hapa sikioni. Hapa si asubuhi, si alasiri."

Maneno hayo yana msingi ambao mpiga picha wa mahali pengine asingeufikiria. Kwa Waislamu, na Zanzibar ni nchi ya Waislamu wa madhehebu ya Shafi kwa wingi, kivuli ndicho kilichokuwa saa kabla ya saa. Adhuhuri huingia jua linapopinduka. Alasiri huingia kivuli cha kitu kinapofikia urefu wa kitu chenyewe, ukiongeza kile kivuli kifupi kilichokuwepo jua lilipokuwa juu. Mtu aliyelelewa hivyo akitazama picha ya mtaa wake huisoma saa kabla ya kuusoma mtaa. Nilikuwa nimeiondoa saa. Na si saa tu: waliojenga nyumba ndefu zilizokaribiana na kuacha njia nyembamba katikati walikuwa wanatengeneza kivuli cha kupita watu. Kivuli ni sehemu ya jengo kama ilivyo boriti.

Kwa hiyo sasa nikikaa mbele ya programu, nina kanuni moja tu. Naangalia picha ya katikati kati ya zile tano, ile ambayo kamera yenyewe ingeichagua, na ninaulizia kila kivuli mpaka wake uko wapi. Ndani ya kivuli naruhusu kitu kionekane: nakshi ya mlango, uso, mkono juu ya ungo. Mpaka wa kivuli siugusi. Mtu aone kwamba hapa jua limekoma. Mara nyingi hilo linamaanisha kutumia picha tatu na kuziacha mbili zilizo nyeupe zaidi.

Nyuso ndizo zilizonifanya niendelee, hata hivyo. Anayepiga picha za watu weusi chini ya jua la tropiki hupambana na masafa mapana kila siku, ajue jina la mbinu asijue. Bwana harusi amevaa kanzu nyeupe, amesimama mbele ya ukuta mweupe, uso wake ni wa kahawia iliyoiva. Kipimo cha kamera kinataka kila mandhari iwe ya kijivu cha wastani. Kinauona weupe mwingi, kinapunguza mwanga, na bwana harusi anabaki kofia na kanzu.

Ubaya huu haukuletwa na jua peke yake. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe, na kadi hizo zikaitwa kwa jina la Shirley, mwanamke wa kwanza kuonekana humo. Rangi ya ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth aliichunguza historia hiyo katika makala yake ya mwaka 2009, na humo ameeleza kwamba miongoni mwa yaliyosukuma filamu ziboreshwe ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na watengeneza samani, waliotaka kahawia moja itofautiane na nyingine kwenye matangazo yao. Jambo hilo linaniuma kila ninapolikumbuka. Watoto weusi walikuwa wakipotea kwenye picha za darasa, nyuso zao zikibaki macho na meno, na mbao za kabati zikasikilizwa.

Hapa Unguja kulikuwa na watu waliojua kuupa uso mwanga unaoustahili. Nimekaa muda mrefu nikitazama picha za Capital Art Studio, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930: nyeusi na nyeupe, nyuso za rangi zote za Zanzibar, na kila uso una umbo lake, mashavu, paji, mikunjo ya shingo. Hakuna HDR pale. Kuna mtu aliyemwangalia aliyeketi mbele yake.

Kwa mtu aliye hai picha tano hazifai, maana anapumua, anacheka, anageuka. Kinachofaa ni picha moja ya faili ghafi. Picha ya kawaida ya JPEG huhifadhi ngazi 256 za kila rangi, faili ghafi la biti 14 huhifadhi ngazi 16,384, na tofauti hiyo kubwa inasaidia hasa vivulini. Naipimia kanzu kiasi ambacho darizi ya shingoni haipotei, uso unatoka mweusi kwenye kioo cha kamera, kisha kwenye kompyuta nauinua uso taratibu. Au, kabla ya hayo yote, namwomba bwana harusi asogee hatua mbili aingie barazani, ambako mwanga ni laini na ukuta wa mbele unamrudishia nuru usoni. Hatua hizo mbili zimeniokolea kazi nyingi kuliko programu yoyote.

Wengi wanaosoma makala hii tayari wanapiga HDR bila kuombwa. Apple iliiweka kwenye simu ya iPhone 4 mwaka 2010. Watafiti wa Google walieleza mwaka 2016 njia yao tofauti: simu hupiga mfululizo wa picha fupi, zote zenye giza, inazilinganisha na kuzichanganya hadi chembechembe zinapotea, na vivuli vinaweza kuinuliwa bila kuchafuka. Kwa kuwa kila picha ni fupi, mtu anayetembea haachi mizuka, ile miili nusu nusu inayobaki mtu anapopita katikati ya picha zangu tano. Mwaka 2021 Google ikatangaza pia marekebisho ya kuonesha ngozi nyeusi ipasavyo, yaliyoitwa Real Tone. Kijana anayepiga machweo Forodhani kwa simu, jua likizama nyuma ya majahazi na rafiki zake wakionekana nyuso vizuri, amebeba mfukoni kazi ya Le Gray, Mann, Picard, Debevec na Malik. Neno langu kwake ni moja: kwenye simu nyingi, gusa sehemu yenye mwanga mkali kisha uteremshe kidole, uone picha ikirudisha kivuli chake. Simu inapenda kuangaza. Si lazima uikubalie.

Uchapaji nao una tabia hiyo. Mashine za kuchapa picha madukani zimewekwa zijirekebishe zenyewe, na kivuli nilichokilinda kwa saa nzima zinaweza kukiona ni kasoro. Siku hizi namwomba fundi azime marekebisho hayo na achape kwenye karatasi isiyong'aa, hata kama weusi wake ni hafifu kidogo.

Jaribio linalofuata linangoja kalenda. Mji Mkongwe uko nyuzi sita na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita juu kabisa ya utosi mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 5 Machi na tena karibu na tarehe 8 Oktoba. Siku ile ya Machi, jua linakuwa juu kabisa mnamo saa sita na nusu mchana. Kwa dakika chache mwanga unashuka hadi chini kabisa ya kichochoro, sakafu inapata jua ambalo miezi mingi hailipati, na kuta za pande zote mbili zinapata mwanga wa kuparaza, unaochora kila mkwaruzo wa chokaa. Kivuli cha mtu kinakuwa chini ya nyayo zake. Nataka kujua masafa yanakuwa stopu ngapi dakika hizo, na kama picha moja itatosha. Stendi nitaiweka Hurumzi, mbele ya mlango ule ule, nianze kupiga robo saa kabla na nimalize robo saa baada, tundu f/8, ISO 100, nami nimeshaomba ruhusa kwa wenye nyumba ili daka liachwe wazi.